Nani Atalipa Nauli ya Uranus?

Ndani ya Perseverance, gari la roboti linalozunguka eneo la Jezero kwenye sayari ya Mirihi, kuna mrija wa titani uliofungwa kabisa, na ndani ya mrija huo kuna kipande cha jiwe chenye urefu wa sentimita chache tu. Kilitobolewa Julai 2024 kutoka kwenye mwamba mwekundu uliopewa jina la Cheyava Falls. Mwamba wenyewe una madoa meupe yaliyozungushiwa ukingo mweusi, na wanasayansi waliokuwa wakitazama picha zake wakayaita madoa ya chui bila kuchelewa. Septemba 2025 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wao: madini yaliyomo kwenye madoa hayo huenda yaliachwa na viumbe wadogo mno walioishi hapo mabilioni ya miaka iliyopita. Huenda pia ni kazi ya kemia isiyo na uhai wowote. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili, jiwe lazima lifike maabara, likatwe vipande vyembamba na kuwekwa chini ya mashine ambazo hakuna gari la roboti linaloweza kuzibeba.

Kwa sasa halina usafiri. Mpango wa kulileta Duniani ulichorwa, ukasainiwa, ukaajiri maelfu ya watu, kisha ukakwama. Hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezekani kurusha roketi ndogo kutoka Mirihi. Kilichoushinda mpango huo ni fedha, na hasa namna fedha zenyewe zinavyopangwa, zinavyoahidiwa na zinavyotolewa. Ndiyo maana kisa cha jiwe hili ni mlango mzuri wa kuingilia swali kubwa zaidi: safari za roboti kwenda sayari nyingine hupangwaje, nani huzilipia, na kwa nini nyingi huchelewa, hupanda bei au hufia mezani?

Tuanze na saa mbili zisizokubaliana. Saa ya kwanza ni ya mbinguni. Dunia na Mirihi hukaa mahali panapofaa kwa safari mara moja tu kila baada ya miezi 26. Ni kama dirisha la usajili wa wachezaji: likifungwa, hata uwe na fedha kiasi gani, unasubiri jingine. Kwa sayari za mbali, madirisha ni adimu zaidi. Mwaka 1965 Gary Flandro, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya JPL huko California, alikokotoa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptune zingejipanga upande mmoja, kiasi kwamba chombo kimoja kingeweza kuzipitia zote kwa kusukumwa na mvuto wa kila moja. Mpangilio huo hutokea mara moja kwa takriban miaka 176.

Saa ya pili ni ya hazina. NASA hupewa fedha mwaka kwa mwaka. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza 1 Oktoba, lakini Bunge mara nyingi huchelewa kupitisha bajeti, na miezi huenda kwa fedha za mpito zisizoruhusu mradi mpya kuanza. Chombo cha sayari kinachukua miaka mitano hadi kumi kujengwa na mingine kama hiyo kusafiri. Mradi mmoja basi unaweza kupitia marais watatu au wanne, na kila mwaka lazima mtu asimame mbele ya kamati kueleza upya kwa nini usifutwe. Hata ule mpango uliotokana na hesabu ya Flandro ulikataliwa kwa sababu ya bei. Vilivyoruhusiwa ni vyombo viwili vya kwenda Mshtarii na Zohali tu, na wahandisi wakavijenga kwa uimara uliozidi mahitaji hayo, wakitumaini kwamba wakubwa watalegeza msimamo baadaye. Ndivyo vilivyokuja kuitwa Voyager.

Saa hizi mbili zinapogongana, gharama huonekana wazi. Chukua InSight, kituo kilichopelekwa Mirihi kusikiliza mitetemeko ya ardhi. Kifaa chake kikuu, kilichosimamiwa na shirika la anga la Ufaransa, CNES, kilikuwa nyeti kiasi cha kuhisi mtikisiko mdogo kuliko atomi. Ili kifanye kazi kilihitaji kukaa ndani ya chombo kisicho na hewa hata kidogo. Desemba 2015, miezi michache kabla ya kurushwa Machi 2016, majaribio ya baridi kali yaligundua uvujaji mdogo sana. Muda wa kuurekebisha haukuwepo. Chombo kizima kikahifadhiwa na kusubiri hadi Mei 2018, na uvujaji huo mmoja ukaongeza dola milioni 153.8 kwenye bajeti ya milioni 675. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye marekebisho yenyewe. Nyingine ilikwenda kwa watu, kwa sababu wahandisi wanaokijua chombo hawawezi kuambiwa warudi nyumbani kwa miaka miwili kisha waitwe tena. Wataajiriwa kwingine. Kwa hiyo wanalipwa wakiwa wanasubiri. Katika miradi ya anga, mishahara hii ya kusubiri ndiyo mdudu anayekula bajeti kimyakimya, na wabunge wanaoahirisha fedha kwa nia ya kubana matumizi huwa ndio wanaomlisha.

Orodha ya safari zenyewe hutengenezwaje? Nchini Marekani kuna utaratibu ambao mashirika mengine huutazama kwa wivu. Kila baada ya takriban miaka kumi, Akademia za Kitaifa za Sayansi hukusanya wanasayansi wa sayari, huwasikiliza wenzao wa nchi nzima, kisha hutoa ripoti yenye vipaumbele. NASA na Bunge huichukulia kwa uzito kwa sababu imetoka kwa watu wanaogombania fedha hizohizo, na wamekubali kupangana foleni. Tangu ripoti ya 2011, kila wazo kubwa hupitishwa pia kwa wakadiriaji wa nje wa gharama, watu wasio na sababu ya kulipenda. Dawa hiyo ni chungu. Safari ya kuzunguka Europa, mwezi wa Mshtarii wenye bahari chini ya barafu, ilikadiriwa kwa dola bilioni 4.7, na ripoti ikasema isiende mpaka ipunguzwe bei.

Chini ya safari hizo kubwa kuna madaraja mawili ya ushindani, Discovery na New Frontiers, ambayo kila moja lina ukomo wa gharama. Timu za vyuo vikuu na maabara huandika maombi, chache huchaguliwa na kupewa dola milioni chache za kuchambua wazo lao kwa undani, kisha moja au mbili hushinda. Waliobaki hukunja michoro. Mwaka 2012, InSight iliwashinda wapinzani wawili, na mmoja wao alikuwa TiME, chombo ambacho kingeelea kwenye ziwa la methani huko Titan, mwezi wa Zohali. Nakiri kwamba nalisikitikia wazo hilo mpaka leo. Lingekuwa chombo cha kwanza cha binadamu kuelea kwenye bahari isiyo ya Dunia. Lakini hata hapo saa ya mbinguni ilikuwa na neno lake: maziwa mengi ya Titan yako kaskazini, na kaskazini ya Titan inaingia kwenye majira marefu ya baridi na giza. Dragonfly, helikopta ya roboti itakayofika huko 2034, inaelekea karibu na ikweta.

Ushindani huu una faida nyingi na dosari moja. Anayeomba zabuni anajua kwamba anayetaja bei ndogo ndiye anayesogea mbele. Hakuna anayedanganya waziwazi. Kila mtu huchukua tu makadirio ya upande wa matumaini: kifaa kitakuwa tayari kwa wakati, mkandarasi hatapandisha bei, majaribio yatakwenda vizuri. Mwaka 2012 mkaguzi mkuu wa NASA aliandika ripoti kuhusu tabia hii na kutumia msemo uliokuwa ukisikika ndani ya shirika: saikolojia ya Hubble. Darubini ya Hubble ilichelewa, ikapita bajeti, ikafika juu ikiwa na kioo kibovu, na leo kila mtu anaipenda. Somo walilojifunza wasimamizi wengi ni kwamba picha nzuri hufuta deni.

Dragonfly yenyewe inaonyesha jinsi lawama zinavyogawanyika. Ilipochaguliwa Juni 2019 ilikuwa chini ya ukomo wa dola milioni 850, bila kuhesabu roketi wala uendeshaji. Ilipothibitishwa Aprili 2024, gharama yake yote kuanzia michoro hadi mwisho wa kazi ilitajwa kuwa dola bilioni 3.35. Ongezeko hilo ukilisoma haraka unaona uzembe. Ukiangalia ndani, unakuta janga la Uviko-19, bei za vifaa zilizopanda, roketi kubwa zaidi iliyonunuliwa ili kufidia muda uliopotea, na NASA yenyewe kuilazimisha timu kupanga ratiba upya mara kadhaa kwa sababu fedha za miaka ya kati hazikutosha.

Sasa turudi kwenye mawe ya Mirihi, kwa sababu hapo magonjwa yote haya yalikutana kwa mgonjwa mmoja.

Mpango ulikuwa hivi. Perseverance, iliyorushwa 30 Julai 2020 na kutua 18 Februari 2021, ingekusanya sampuli. Chombo kingine kingetua karibu yake kikiwa na roketi ndogo. Sampuli zingepakiwa, roketi ingeruka kutoka Mirihi, jambo ambalo halijawahi kufanywa, na chombo cha tatu, cha kujengwa Ulaya, kingeidaka ile shehena angani na kuileta Duniani. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Kufikia mwisho wa Januari 2023 gari lilikuwa limeshalaza mirija kumi chini, mahali panapoitwa Three Forks, kama akiba endapo lenyewe litaharibika.

Ripoti ya wanasayansi ya 2022 iliutaja mpango huu kuwa kipaumbele cha kwanza, lakini iliambatanisha onyo. Gharama ya NASA ilitarajiwa kuwa kama dola bilioni 5.3. Ikizidi hapo kwa asilimia 20 au zaidi, au ikianza kula zaidi ya theluthi moja hivi ya bajeti ya sayari katika mwaka wowote, basi NASA iende kuomba fedha za ziada badala ya kuzichota kwenye safari nyingine. Walioandika hivyo waliona mbali. Septemba 2023 jopo huru lililoongozwa na Orlando Figueroa lilitoa makadirio ya kati ya dola bilioni 8 na 11, na likasema uwezekano wa kurusha vyombo mwaka 2027 au 2028 ulikuwa karibu na sifuri. Jopo hilo halikuuma maneno: matarajio ya bajeti na ratiba yalikuwa hayana uhalisia tangu siku ya kwanza, na hakukuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya mpango mzima.

Kilichofuata ni mfululizo wa milango kufungwa. Seneti ilikuwa tayari, Julai 2023, imependekeza dola milioni 300 pale ambapo NASA iliomba 949. Februari 2024 JPL, maabara iliyosimamia mpango huo, ilipunguza wafanyakazi wapatao 530, na Novemba mwaka huohuo wengine 325. Aprili 2024 mkuu wa NASA, Bill Nelson, alisema bilioni 11 ni nyingi mno na mwaka 2040 ni mbali mno, akaomba mawazo mapya. Januari 2025 akatoa njia mbili za bei nafuu kidogo, akamwachia mrithi wake uamuzi. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ikapendekeza kuufuta kabisa, katika bajeti ambayo ingekata fedha za sayansi za NASA karibu nusu na kuzima hata vyombo vilivyokuwa vikifanya kazi, New Horizons na Juno vikiwemo. Bunge, mwanzoni mwa 2026, lilikataa sehemu kubwa ya makato hayo, lakini halikuufufua mpango wa mawe kama ulivyokuwa.

Wengi wamesema somo hapa ni kwamba mpango ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi. Marekani ililipia nusu ya safari, ile ya kwenda, kabla ya kujua bei ya nusu ya kurudi. Perseverance iliondoka Duniani wakati roketi ya kurudisha mawe ilikuwa bado michoro. Kisiasa hesabu hiyo ilieleweka: sampuli zikishakaa huko zimefungwa tayari, nani angekuwa na moyo wa kuziacha? Sasa tumejua kwamba wenye moyo huo wapo.

China inaandaa Tianwen-3, inayotarajiwa kurushwa kwa roketi mbili mwaka 2028 na kuleta angalau gramu 500 za udongo na mawe karibu 2031. Chombo hicho kitachukua sampuli mahali kitakapotua na jirani yake, bila gari la kutembea miaka mingi kuchagua mwamba baada ya mwamba kama ilivyofanya Perseverance. Kisayansi ni mpango wa kawaida kidogo. Lakini unaweza kuwa ndio wa kwanza kufika nyumbani, na wanaoupanga hawaendi mbele ya kamati kila mwaka kuutetea.

Pamoja na hayo, safari kubwa za Marekani zimewahi kunusurika, na inafaa kuangalia zilinusurika kwa nini. Mfano wa kwanza ni Cassini, iliyozunguka Zohali kuanzia 2004 hadi 2017. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa kwenye orodha ya kukatwa. Mwaka 1992 wahandisi walipunguza gharama kwa kuondoa jukwaa linalozunguka ambalo kamera na vifaa vingine vingefungwa juu yake. Vifaa vikafungwa moja kwa moja kwenye mwili wa chombo. Kuanzia hapo, kamera ikitaka kutazama mwezi, lazima chombo kizima kigeuke, na kikigeuka hivyo, antena haielekei tena Duniani na kifaa cha jirani kinatazama kwingine kabisa. Kwa miaka 13 timu za Cassini zilikaa vikao kugawana dakika za kuelekeza chombo. Fedha zilizookolewa karakana zililipwa baadaye kwa saa za watu, ingawa kwenye vitabu zilihesabiwa kuwa akiba.

Hata baada ya kupunguzwa hivyo, Cassini ilitishiwa tena mwaka 1994. Kilichoiokoa ni mkataba. Ulaya ilikuwa imeshatumia fedha nyingi kujenga Huygens, chombo cha kutua Titan, na Italia ilitoa antena kuu. Juni 1994 Jean-Marie Luton, mkurugenzi mkuu wa shirika la anga la Ulaya, ESA, alimwandikia barua Makamu wa Rais Al Gore akieleza kwamba kuifuta safari hiyo kungetia doa uaminifu wa Marekani kama mshirika. Diplomasia ilifanya kazi ambayo sayansi peke yake isingeiweza. Huygens ilitua Titan 14 Januari 2005.

Mfano wa pili ni Europa Clipper, ambayo iliokolewa na mapenzi ya mtu mmoja. John Culberson, mbunge wa Republican kutoka Texas, aliamini kwa dhati kwamba chini ya barafu ya Europa kuna uhai, na kuanzia 2015 alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo inayogawa fedha za NASA. Kwa miaka kadhaa Bunge lilitoa kwa ajili ya Europa fedha ambazo NASA haikuziomba. Zaidi ya hapo, sheria ya bajeti iliagiza chombo kirushwe na SLS, roketi kubwa ya serikali. Tatizo ni kwamba SLS ilikuwa imechelewa na ilihitajika kwa safari za binadamu kwenda mwezini. Mkaguzi mkuu wa NASA alionya mwaka 2019 kwamba chombo kikimaliza kujengwa kabla ya roketi kupatikana, kukihifadhi tu kungegharimu dola milioni 3 hadi 5 kila mwezi. Culberson alishindwa uchaguzi Novemba 2018. Sharti la SLS likaja kulegezwa, na Julai 2021 NASA ikachukua roketi ya kibiashara, Falcon Heavy, kwa mkataba wa dola milioni 178. Kuna gharama ya aina nyingine: SLS ingekifikisha chombo chini ya miaka mitatu, ilhali njia ya sasa, inayopitia Mirihi na kurudi Dunia kuchukua kasi, inachukua mitano na nusu. Clipper ilirushwa 14 Oktoba 2024 na inatarajiwa Mshtarii Aprili 2030, kwa gharama ya jumla ya dola bilioni 5 na ushee. Makadirio ya mwanzo, baada ya ile safari ya bilioni 4.7 kupunguzwa, yalikuwa kama bilioni 2.

Mlinzi mwenye nguvu, basi, huleta fedha pamoja na masharti yake. Mkataba wa kimataifa nao huleta kinga pamoja na udhaifu wa mshirika. Ulaya inalijua hili kuliko mtu yeyote. ESA ina mfumo ambao kwa maoni yangu ni bora kuliko wa Marekani katika jambo moja: mchango wa programu ya sayansi ni wa lazima kwa kila nchi mwanachama, unapangwa kwa kadiri ya pato la taifa, na mawaziri huamua viwango kila baada ya miaka mitatu hivi. JUICE, iliyochaguliwa 2012, iliondoka kwenda Mshtarii Aprili 2023 bila sarakasi za kila mwaka. Lakini programu ya Mirihi iko kwenye kapu la hiari, na gari la Ulaya, Rosalind Franklin, limepata misukosuko yote. NASA ilijitoa kwenye ushirika huo 2012. Urusi ikaingia. Safari ikaahirishwa kutoka 2018 hadi 2020, kisha kwa sababu ya miamvuli ya kutulia na janga ikasogezwa hadi 2022. Machi 2022, gari likiwa karibu kusafirishwa, vita vya Ukraine vikavunja ushirika na Urusi. Sasa tarehe ni 2028, na baadhi ya vipande muhimu vinategemea tena NASA, ambayo bajeti yake umeshaisoma hapo juu.

Swali ambalo msomaji wa kwetu huuliza mapema ni hili: mbona India ilifika Mirihi kwa dola milioni 74? Ni kweli, Mangalyaan ilirushwa Novemba 2013 na kuingia kwenye mzunguko wa Mirihi 24 Septemba 2014 kwa takriban rupia milioni 4,500. Ni kazi ya kujivunia. Ila jibu liko kwenye mzigo: vifaa vyake vya kisayansi vilikuwa vitano vyenye uzito wa kilo 15 hivi kwa jumla, na lengo la kwanza lilikuwa kuonyesha kwamba India inaweza kufika. Mishahara ya India pia si ya California. Falme za Kiarabu zilichukua njia tofauti. Mwaka 2014 zilitangaza kwamba zitafika Mirihi kabla ya kutimiza miaka 50 mwezi Desemba 2021. Zilipeleka wahandisi wao Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, wakajenga chombo bega kwa bega na wazoefu, wakanunua nafasi kwenye roketi ya Japani, na Al-Amal ikafika 9 Februari 2021 kwa dola milioni 200 hivi. Hapo tarehe ilikuwa ya kitaifa, isiyosogezeka, na fedha zilikuwepo. Mlipaji mmoja, tarehe moja, lengo dogo linaloeleweka: mchanganyiko huo ni adimu.

Afrika Mashariki haijatuma chombo kwenye sayari yoyote, ila ina kipande chake kidogo cha kazi hii. Kituo cha Luigi Broglio kilichoko Ngomeni, karibu na Malindi, ndicho kilichorusha setilaiti ya Uhuru 12 Desemba 1970 kwa ushirika wa Italia na Marekani, na antena zake zimetumika kufuatilia roketi za Ariane zinazoondoka Kourou kuelekea mashariki. Ardhi iliyo karibu na ikweta na bahari ni mtaji ambao Kenya ingeweza kuudaia bei kubwa kuliko ile inayolipwa.

Marekani yenyewe ilijaribu unafuu kwa kaulimbiu. Baada ya kupotea kwa Mars Observer Agosti 1993, mkuu wa NASA Dan Goldin alisukuma falsafa ya haraka zaidi, bora zaidi, nafuu zaidi. Pathfinder ilitua 4 Julai 1997 ikidundadunda juu ya mifuko ya hewa, kwa gharama isiyofika dola milioni 300, na dunia ikashangilia. Miaka miwili baadaye Mars Climate Orbiter ilipotea Septemba kwa sababu upande mmoja ulituma hesabu za vipimo vya Kiingereza na mwingine ukazisoma kama za metriki. Mars Polar Lander ikaifuata Desemba. Wachunguzi walikuta timu ndogo zilizochoka na majaribio yaliyorukwa. Rahisi hugharimu, na wanaokumbuka 1999 huwa hawataki kusikia mtu akiahidi vyote vitatu. Hata hivyo nadhani waliikimbia falsafa hiyo kupita kiasi. Safari ndogo kumi ambazo mbili zinaanguka zinaweza kufundisha zaidi kuliko moja kubwa inayongojwa miaka ishirini, mradi mlipaji akubali mapema kwamba mbili zitaanguka. Wabunge hawakubali. Ajali huwa na picha, na ucheleweshaji hauna.

Tazama VERITAS, chombo cha kupima uso wa Zuhura. Kilichaguliwa Juni 2021 kwenye daraja la bei nafuu, na hakikufanya kosa lolote. Chombo kingine, Psyche, kilikosa dirisha lake la 2022 kwa sababu programu za kompyuta hazikujaribiwa kwa wakati, uchunguzi ukaonyesha kwamba JPL ilikuwa na kazi nyingi kuliko watu, na VERITAS ndiyo iliyoambiwa isubiri. Ikasogezwa hadi 2031 au baadaye, na timu yake ikaachiwa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka ili isisambaratike. Kiasi hicho hakikuwa cha kukijenga chombo.

Ndipo tunafika Uranus, inayosubiri zamu tangu ripoti ya 2011 ilipoiweka nafasi ya tatu na ile ya 2022 ikaipandisha kuwa safari kubwa mpya ya kwanza. Voyager 2 iliipita 24 Januari 1986, na hakuna kilichorudi. Sayari za ukubwa huo ni miongoni mwa zile zinazopatikana kwa wingi kwenye nyota nyingine, na tunaijua kwa picha za siku chache. Makadirio ya gharama ni kama dola bilioni 4.2, na kwa jinsi nilivyoeleza hapo juu, msomaji atajua namna ya kuisoma namba hiyo.

Jua huko ni hafifu mno kwa paneli, hivyo chombo kitahitaji plutoniamu-238, ambayo joto lake hugeuzwa umeme. Marekani iliacha kuizalisha 1988, ikanunua kwa Urusi kwa muda, kisha ikaanza upya. Desemba 2015 maabara ya Oak Ridge ilitangaza gramu 50 za kwanza. Shabaha ni kilo 1.5 kwa mwaka. Betri moja ya aina inayotumiwa na Perseverance hubeba kilo 4.8, na Dragonfly iko mbele kwenye foleni. Uzalishaji huu nao unahitaji kulipiwa kila mwaka, miaka mingi kabla ya kuwepo chombo cha kuitumia plutoniamu hiyo, na hakuna mbunge anayekata utepe kwa sababu ya akiba ya plutoniamu.

Njia nzuri kuliko zote ni kuondoka 2031 au 2032, kuchukua kasi kwa Mshtarii na kufika baada ya miaka 13 hivi. Maafisa wa NASA wameshasema tarehe hizo hazitawezekana, na wanazungumzia katikati au mwishoni mwa miaka ya 2030, kwa njia ndefu zaidi. Uranus imelala ubavu na mwaka wake ni miaka 84 yetu. Voyager ilipopita, ncha ya kusini ndiyo iliyoelekea jua, na nusu ya kaskazini ya kila mwezi wake ilikuwa gizani. Tangu 2007 kaskazini ndiko kwenye mwanga. Chombo kikifika kabla ya 2049 kitaziona nyuso hizo ambazo hazijawahi kupigwa picha kwa karibu. Kikichelewa zaidi ya hapo, mwanga utakuwa umeanza kurudi kusini, upande uleule uliopigwa picha mwaka 1986.